Madoa Chini ya Kidirisha cha Choo

Mke wangu husema wanaume wenzangu wanafuga kuku, mimi nafuga mabehewa. Huyasema hayo mbele ya wageni, wageni wanacheka, na mimi nacheka nao huku roho inaniuma. Mtu mzima, mwalimu wa fizikia, mvi zimeshaanza kuchungulia, halafu jioni nakaa barazani hapa Mwembesongo, Morogoro, nimeshika behewa la plastiki linaloenea kiganjani, nalipaka rangi kwa brashi ndogo ya watoto wa shule. Najua ninavyoonekana. Nilikuwa najua hata kabla ya jirani yangu mmoja kuniuliza kwa sauti, watu wakipita, kama hiyo ndiyo treni ya mwendo kasi.

Mabehewa yenyewe niliyakuta kwenye rundo la midoli ya mitumba, yamelaliana na wanasesere wasio na nywele. Mekundu na ya njano, yanang'aa kama peremende. Mengine nimeyachezea tu kujifunza mkono. Lakini moja, lile refu lenye madirisha mengi, nililiweka pembeni tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilitaka liwe behewa la baba.

Baba alikuwa mhudumu wa behewa kwenye reli ya kati. Alishuka kutoka Mgeta akiwa kijana, akaipata kazi hiyo, na hakuwahi kufanya nyingine. Alipoanza bado yalikuwepo mabehewa ya mwisho yenye ubavu wa mbao. Alitandika vitanda, alifagia, alifuta vioo, aliosha vyoo. Kigoma kwenda, Kigoma kurudi, mpaka akastaafu. Akarudi kwao milimani kulima kabichi na njegere, na huko ndiko macho yakaanza kumwingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili.

Kumshusha mjini kuja kupasuliwa ilikuwa kazi! Kwanza alikataa. Kisha akasema atakuja mvua ikikatika. Mvua ikakatika, akasema njegere zinamsubiri. Mwisho nilipanda mwenyewe hadi Mgeta, nikakaa naye jikoni, tukabishana mpaka dada yangu akatoka nje kwa hasira. Ndipo akakubali, lakini kwa sharti.

"Tuanze na moja," alisema. "Likiharibika hilo, usije ukanitajia la pili."

Namjua baba yangu. Hatanii kwenye mambo ya namna hiyo. Jicho hilo moja likimfaa, atakubali na la pili, atarudi kwake akipanda njia yake ya mlimani bila kushikwa mkono. Lisipomfaa, atakwenda kukaa karibu na moto wake mpaka giza limfunike kabisa, na hakuna mtoto wala padri atakayemshusha tena.

Basi mimi na akili zangu nikajiambia, kitu cha kwanza cha maana atakachokiona kiwe behewa lake.

Nililitengeneza kwa moyo wote, hilo siwezi kujinyima. Nilililowesha na kulisugua kwa msasa laini mpaka ule mng'ao wa plastiki ukafa. Nikapaka rangi ya chini, nyepesi, kama chai yenye maziwa mengi. Juu yake nikaja na rangi ya mafuta ya kahawia, brashi nimeifuta karibu iwe kavu, nikaivuta mara moja tu kutoka mwisho wa behewa hadi mwisho. Ukirudia umeharibu. Nywele za brashi zinaacha mistari, na mistari ile ikikauka, wewe mwenyewe utaapa ni mbao. Kila ubao niliupa rangi yake, huu umekolea kidogo, huu umepauka, na katikati nikachora viungo kwa pini ya mke wangu. Nikalishika behewa mkononi, nikanusa. Nilitegemea linuke mbao! Lilinuka tina ya kuchanganyia rangi.

Hapo ndipo ningeacha. Hapo hapo, jamani. Ningenawa mikono nikaenda kula.

Lakini nilikuwa nimeangalia video nyingi mno za wapenzi wa mabehewa wa huko nje, na wote wanahubiri neno moja, kwamba behewa safi ni la dukani na behewa chafu ndilo la kweli. Kwa hiyo nikalichafua. Masizi ya sufuria nikayachanganya na tina, nikayapitisha kwenye paa kwa kipande cha sponji. Vumbi letu jekundu nikalichekecha, nikalipuliza kwenye magurudumu na chini ya milango. Nikatia kutu kwenye bawaba. Na mwisho kabisa, kwa brashi nyembamba kuliko zote, nikakaa kwenye kidirisha cha choo, kile chenye kioo kisichopitisha macho, nikachora michirizi inayotiririka kutoka pale mpaka chini. Kahawia kidogo, njano kidogo. Nilikawia kwenye michirizi ile kuliko mahali pengine popote. Halafu nikalipiga lote vanishi isiyong'aa, ili kitu chochote kisitoke.

Nililipeleka shuleni. Walimu wenzangu, ambao kwa kawaida wananicheka, walilipokezana mkono kwa mkono. Mmoja akaonyesha ile michirizi akasema, "Aisee, hapa umemaliza." Kichwa kikanivimba. Nilirudi nyumbani natembea kama mkaguzi wa wilaya.

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake wakamtoa bandeji, wakampa miwani myeusi, nikamrudisha nyumbani. Njiani alikuwa anageuza kichwa huku na huku. Tulipofika alisimama uani akautazama Mlima Uluguru kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe wingu la kileleni liko palepale." Mke wangu akageuka kando kufuta machozi.

Nikamkalisha barazani. Chai ikaja. Nikamwekea behewa mapajani.

Alivua miwani. Alilishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye ubavu, ubao kwa ubao, taratibu. "Mbao," alisema. Sikumwambia kuwa ni plastiki. Alihesabu madirisha kwa kidole, akatabasamu alipofika kwenye chumba cha mhudumu. "Hapa nilikuwa nalala." Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Nilitamani dada yangu angekuwepo aone.

Wakati huohuo mtani wake akaingia. Huyu ni Mnyamwezi, zamani fundi breki wa reli hiyohiyo, alioa hapa Morogoro akabaki. Mimi nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba, lakini baba hakumsalimia. Hao hawasalimiani. Ndivyo walivyo Wanyamwezi na Waluguru, na wao wawili wamezidi.

"Mluguru huyu bado hajafa?" alisema. "Mimi nimekuja na sanda."

"Ivae wewe kwanza, mpagazi," baba alijibu bila kuinua kichwa, "tuone kama inatosha."

Walicheka wote. Mzee yule akakaa, akalichungulia behewa mapajani mwa baba. "Behewa chafu kama kawaida yako! Watu wa Mgeta mnaogopa maji baridi, hata treni yenu haiogi."

Maneno hayo nimeyasikia tangu utoto wangu. Alikuwa akimwambia baba vilevile hata kwenye behewa lililokuwa liking'aa, ndiyo salamu yake. Na baba kila mara alikuwa na jibu. Safari hii nilingoja jibu, mzee naye akalingoja na kikombe mkononi. Baba hakujibu. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye kidirisha cha choo.

Alipasugua kwa dole gumba. Akalisogeza behewa karibu na jicho, akalipeleka mbali. Akasugua tena.

"Mkwe wangu," alimwambia mke wangu, "niletee kitambaa chenye maji."

Aliletewa. Akafuta. Sijui kama nitausahau mkono ule. Haukufuta ovyo. Ulianza juu ya kidirisha, ukateremka, ukageuza kitambaa upande safi, ukaanza tena juu. Kazi yake ya maisha yote, nayo aliifanya kwa kidole kimoja kwenye mdoli wa plastiki. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, na vanishi yangu isiyotoka.

Alifuta mara nyingi. Halafu akakikunja kitambaa vizuri, akakiweka juu ya meza.

"Jicho halijapona," alisema.

"Unaona nini?" mtani wake akauliza, na utani ulikuwa umeshamtoka.

"Naona madoa. Hapa chini ya choo. Nafuta, bado yapo." Alivaa miwani yake myeusi. "Daktari alishanionya kwamba huenda nitaona vitu visivyokuwepo. Basi ndivyo hivyo. La pili msinitajie. Nitafutieni gari la Mgeta."

Nitasema kilichonipita kichwani, maana bila hicho haya mengine ni hadithi tu. Niliwaza kunyamaza. Niliwaza, aende Mgeta akiamini ni jicho, nitalitupa behewa, nitambembeleza baadaye. Mimi, mwanawe, nilitaka mzee aogope upofu ili mimi nisione aibu. Haikuwa muda mrefu, lakini nilitaka.

Mzee yule wa Kinyamwezi alilichukua behewa, akalitazama pale chini ya kidirisha, kisha akanitazama mimi. Alinirudishia behewa mkononi.

"Baba," nilisema, "jicho limepona. Madoa yapo kweli. Ni mimi niliyeyachora."

"Umeyachora."

"Ndiyo, baba. Ili lifanane na la kweli."

"La kweli la nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilianza kueleza, eti ndivyo wanavyofanya, eti ni ufundi, eti behewa safi linaonekana la dukani. Kila nilichosema kilitoka kibaya kuliko kilichotangulia. Mke wangu alinivuta shati kwa nyuma, nikanyamaza.

Baba aligeukia mlima. Kisha akasema, polepole, wala si kwa hasira:

"Afadhali lingekuwa jicho."

Mtani wake akaweka kikombe chini, chai nusu. Akasimama, akamshika baba begani. "Haya, kaka," alisema, "ugua pole." Kaka! Maisha yao yote hajamwita hivyo, wala hajawahi kuondoka kwetu bila tusi. Nilimsindikiza mpaka barabarani, hakuniaga.

Nilisugua ile michirizi kwa msasa siku hiyohiyo. Vanishi iling'ang'ania, na ilipotoka iliondoka na mbao zote, plastiki nyekundu ikajitokeza. Behewa liko kabatini na kovu lake. Sijalipaka tena, na brashi zangu zimekauka.

Jicho la pili alikubali kupasuliwa, nalo linaona. Dada yangu ndiye aliyempeleka. Nilipolalamika kwa nini sikuambiwa, dada alisema alitaka kunipigia simu nikachukue ruhusa kazini, baba akamkataza.

"Mwache," alimwambia. "Ana kazi zake za rangi."