Kisanduku cha Neema Kilikuwa Kitupu

Nilikosa mimi. Si mashine, si vurugu, si yule dada anayebeba lawama zangu mpaka leo. Mimi! Nalisema mwanzoni kabisa kabla woga haujanirudia, maana nimelizunguka neno hili miezi kumi kama mbwa anayezunguka nyoka.

Mwaka jana nilikuwa naandika programu za kompyuta katika ofisi ndogo hapa Nakuru. Tulikuwa wawili chumbani, mimi na Nasreen, binti wa Kihindi ambaye babake aliuza vitambaa mjini. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha programu za zamani kutoka hifadhidata ya kulipia hadi ile ya bure, ya chanzo huria. Programu zenyewe ziliandikwa kwa lugha ya C, na ndani yake amri za SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, zimepachikwa kama viraka kwenye koti.

Ile ya kulipia ilikuwa imetudekeza. Ikikuta kisanduku kitupu katika rekodi ya mtu, ilituletea nafasi tupu na kunyamaza. Hii ya bure ilishika kanuni ya kimataifa ya SQL. Kanuni inasema, ukisoma kisanduku ambacho huenda hakina kitu, weka kando yake kiashiria cha kukuambia kama kuna kitu au hakuna. Usipokiweka, hilo ni kosa, na programu zetu ziliandikwa zisimame zikipata kosa.

Hatukuwa na kiashiria hata kimoja. Nasreen akaanza kuviweka, kimoja baada ya kingine, programu baada ya programu. Mimi nikamcheka.

"Madam Kanuni!" nilimwita mbele ya watu. "Hata chai yako unaisomea kanuni kwanza?"

"Cheka tu. Database inakuuliza swali ya maana: hapa hakuna kitu, nikuambie nini? Ama unataka ikudanganye?"

"Nataka inyamaze nimalize kazi."

"Haya, boss. Siku itanyamaza utajua hujui."

Kisha ikaja Januari, na vurugu za baada ya uchaguzi, na moshi. Watu walikimbia na nguo walizovaa. Shirika moja la misaada likatuomba tuweke orodha ya waliopotezana. Makambi na makanisa yalituma majina ya waliokuwa kwao, na jamaa wakaja kuandikisha wanaowatafuta. Kama mtu hajulikani alipo, kisanduku cha "alipo" kiliachwa kitupu.

Programu ya kuchapisha orodha ikawa inasimama kila ikifika kwa mtu wa namna hiyo. Nasreen aliomba siku mbili airekebishe. Mimi nikamwambia bosi, "Nipe saa moja."

Palipoandikwa kwamba ikipata kosa isimame, niliandika iendelee. Neno moja! Karatasi zikatoka zimejaa, safi. Bosi akanipiga bega.

Kitu nisichokijua, hapana, nisidanganye tena. Nasreen aliniambia, ila sikumsikiliza. Programu ile ikikatazwa kusimama, haiachi nafasi tupu. Inabaki imeshika jibu la mtu aliyetangulia. Mtu wa tisa akiwa kanisani, na wa kumi hajulikani alipo, karatasi itasema wa kumi naye yuko kanisani.

Asubuhi hiyo hiyo akaja tena Mama Neema, aliyekuwa amemwandikisha bintiye kwetu. Mwanamke mfupi, alikuwa akifua shuka za lojingi, nyumba ya wageni, kule Salgaa. Yeye na bintiye Neema, wa miaka kumi na tisa, walipotezana wakikimbia. Kwa siku tatu mama huyu alikuwa amezunguka wadi za hospitali hapa mjini akitazama nyuso. Wadi moja ilibaki.

Nikapitisha kidole kwenye karatasi. "Neema yuko Naivasha. Kanisani, Kihoto."

"Kijana yangu, umeona vizuri?"

"Mathe, kompyuta haidanganyi."

Alicheka! Alinishika mikono yote miwili, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome la mti. Nasreen akainua kichwa. "Mama, ngoja kidogo. Acha tuangalie fomu yenyewe kwanza."

"Wacha roho mbaya!" nilimfokea. "Mtu amepata mtoto wake, wewe unataka kumnyima?"

Mama Neema akapanda lori la misaada akaenda. Kesho yake barabara ikafungwa. Siku tisa alikaa Kihoto akiwageuza wasichana wa watu mabega ili aone nyuso zao.

Neema alikuwa katika ile wadi iliyobaki. Taya lilikuwa limevunjika, hakuweza kutaja jina lake. Alikufa siku ya sita tangu mamake aondoke. Nesi alitueleza baadaye kwamba kila mlango ulipofunguliwa, msichana yule alijitahidi kuinua kichwa.

Mama alirudi, akamkuta chumba cha maiti, akaja na karatasi yangu ameikunja kifuani. Akasimama katikati ya ofisi. "Nani aliandika hapa Kihoto?"

Bosi naye akauliza, "Nani?"

Jamani! Nikanyoosha kidole. "Nasreen ndiye amekuwa akizibadilisha hizo programu."

Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ilitosha. Mama alimpiga kofi, miwani ikaruka mpaka chini ya dawati. Nasreen aligeuka kwangu. Alinitazama tu, akinipa nafasi ya kusema. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba!

Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Watu wakaenda kusimama nje ya duka la babake wakiita "muuaji, muuaji", na kabla ya mvua za masika familia ile ilikuwa imehama mji. Mimi nilipandishwa cheo.

Mnadhani nimeadhibiwa? Nilichanga kwenye mazishi, nikabeba jeneza. Tangu siku hiyo Mama Neema hunijia Jumapili nyumbani kwangu mtaa wa Free Area na chupa ya maziwa lala, yale yaliyoganda. "Wewe ndiye ulinionea huruma," huniambia. "Yule Mhindi, Mungu atamlipa." Kisha huniombea kwa jina, kwa sauti, mkono wake kichwani pangu.

Jumapili iliyopita nilifungua mdomo nimwambie. Akafikiri nataka kikombe kingine, akanimiminia. Nikanywa.

Wewe unayesoma, uwe unaandika programu au unajaza fomu tu ya mtu dirishani, usiogope nafasi tupu. Usiifunike ili karatasi ipendeze na bosi akupige bega. Anayekuzuia akikuambia "ngoja kwanza", funga mdomo wako wa kejeli umsikilize. Na kama hujui, sema hujui, useme mapema, mama wa watu akiwa bado na wadi moja ya kuingia.