Mpishi Asiyekula Chapati Zake

Chapati inatua kwenye kikaango, mafuta yanalia chwaa, na Cheruto Rono anageuza uso. Si moshi. Ni ile harufu.

"Hii ndiyo adui yangu," anasema akiipindua kwa vidole. "Na ndiyo inanilipia nyumba."

Hapa Salgaa malori yamepanga foleni kando ya barabara mpaka huoni mwisho. Madereva wanaingia hotelini na njaa ya safari. Cheruto, 52, amewapikia karibu miaka ishirini, na siku zote alikula kama wao: chapati, viazi vya kwao Kuresoi, chai tamu ya kukwama kooni.

Kisha kidonda kikatokea chini ya mguu wa kushoto. Kikakataa kupona. Kliniki wakamwambia ni kisukari, na asipojichunga mguu unaweza kukatwa.

"Nikajiuliza, mpishi wa mguu mmoja atasimama wapi?"

Akashauriwa aache sembe, ale ugali wa wimbi, yaani ulezi. Wee, alifurahi! Wimbi si ndiyo iliwalea wazee wao? Akasonga mlima mchana, mlima jioni, na uji wa wimbi katikati. Sukari ikapanda.

"Nikamwambia nurse mashine yake imeharibika. Akaniuliza, mama, ugali yako ni kubwa aje? Nikamwonyesha na mikono mbili." Anacheka kidogo. "Akanikunjia ngumi, akasema ugali yangu ni hii. Nililia. Kwetu hiyo ni ya mtoto."

Akajaribu kabeji ya kuchemsha pekee. Wiki mbili hazikuisha, akajikuta amesimama jikoni akimeza chapati kama mwizi.

Kilichomfaa mwishowe ni chakula kile kile cha nyumbani, kwa kipimo kingine: mboga ya managu nusu sahani, maharagwe, ugali wa ngumi. Chai bila sukari.

Lakini Salgaa watu wana macho. Mpishi anayejificha nyuma kula chakula chake? Minong'ono ikaanza.

"Mathe, umetuwekea nini kwa hizi chapati mpaka wewe huzigusi?" dereva Kipkirui alimrushia mbele ya wateja.

Hoteli nzima ikacheka. Mwenye hoteli hakucheka. Alimwambia Cheruto wazi: wateja wakihama, naye atafute kazi kwingine.

Siku iliyofuata Cheruto alibeba sahani yake, akaketi meza ya katikati, akavua kiatu.

"Angalieni," aliwaambia. "Chapati haina kitu. Mguu ndiyo iko na kitu."

Hakuna aliyecheka.

Juzi Kipkirui alipitia mlango wa jikoni. "Mathe, niwekee kama yako," alinong'ona. "Na usiambie wale wengine."

Sasa Cheruto anamwomba mwenye hoteli sufuria moja tu, ya kupikia wateja chakula kama chake. Bado hajajibiwa. Kidonda nacho hakijafunga chote. Anakiosha kila jioni.

"Kifunge, kisifunge," anasema, "hawa vijana sitaki wajifunze haya kwa miguu yao."