Viti Viwili vya Karino

Jirani yangu Karino Yoshimasa ni fundi wa mitambo ya kufuma hariri hapa Yonezawa, Japani, mtu mpole hadi anakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Ndiyo maana siku aliporudi na lile gari jekundu, bapa, lenye mlio wa kutikisa madirisha, mtaa mzima tulidhani kuna kijana wa mjini amepotea njia. Alikuwa amelinunua kwa daktari mmoja wa meno aliyechoka nalo. Jioni ile ile akapita nyumba kwa nyumba na maboksi ya keki za maharage, akiinama kila mlangoni na kusema kwamba atatusumbua kwa kelele.

Mimi ni dobi, na duka langu limepakana na maegesho yake, kwa hiyo nilipata maboksi mawili.

"Karino, una akili timamu wewe?" nilimuuliza. "Gari lina viti viwili, na nyumbani mko watatu!"

"Tutapokezana, dada," alijibu akijikuna kichwa.

Walipokezana, ndiyo, yeye na mafundi. Injini yake si kama za magari yetu, haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani kuna kitu cha pembetatu kinachozunguka, ndicho kinacholipatia mbio za ajabu, na ndicho kinachokunywa petroli na oili kwa pamoja. Gereji za hapa zilikataa kuligusa, ikabidi alipeleke mpaka Sendai, ng'ambo ya milima. Kila ukaguzi wa serikali wa magari ulipokaribia alikuwa hali chakula vizuri. Mkewe, Yasue, alisusa kulipanda tangu lilipowaacha njiani, kwenye kona za mlimani, siku ya harusi ya mdogo wake. Lakini mwanaume akikaa kwenye kile kiti, akavua viatu kwanza kama anaingia sebuleni, uso wake ulikuwa unafunguka. Hapo tu. Kwingine kote Karino alikuwa mtu wa kupisha wengine.

Binti yao wa pekee, Mizuho, alijua masharti ya gari lile kabla hajajua kuendesha baiskeli. Kwanza, viatu nje. Pili, ukiliwasha likiwa baridi, usilizime mpaka injini ipate moto. Ukilizima mapema, petroli inalowesha plagi, na halitawaka tena mpaka litakapotaka lenyewe. Baba na binti hawakuwa na mazungumzo mengi zaidi ya hayo. Ila baba alimwahidi tangu akiwa mdogo kwamba siku atakayoondoka nyumbani, atampeleka mwenyewe kwa gari hilo, wao wawili, mpaka uwanja wa ndege wa Sendai.

Machi mwaka huu Mizuho alipata kazi Fukuoka, mwisho kabisa wa nchi. Alikuja dukani kuchukua suti yake, akasimama pale kaunta akichezea risiti.

"Shangazi, nangoja sana hiyo safari na baba."

"Utaganda kwa baridi humo ndani, na mgongo utakuuma."

"Acha uniume. Unajua hajawahi kunikatalia kitu? Nilipomwambia Fukuoka, akasema 'vizuri', akaendelea kula wali. Nataka nimsikie akisema 'usiende'. Mara moja tu. Nitaenda hata hivyo, lakini niende nikijua. Na kwenye lile gari hana pa kukimbilia."

Nilimwambia asimtegemee sana baba yake kwa maneno. Akacheka. Alishamtegemea.

Asubuhi ya safari tuliamka na theluji hadi magotini, ile nzito ya mwisho wa msimu, wakati wengine wetu tulikuwa tumeshayaweka makoleo stoo. Kwetu theluji ikianguka hivyo hakuna wa kubaki ndani. Tulitoka wote, na Mzee Anzai, mwenyekiti wa mtaa, akaja na mashine ya kuondoa theluji. Gari la Karino lilikuwa limetokeza pua njiani.

"Bwana Karino, sogea kidogo tu hapo, mashine ipite."

"Samahani, samahani sana, mara moja."

Akaingia, akaliwasha. Mlio ukajaa uchochoro mzima. Akarudi nyuma hatua chache hadi mbele ya mlango wangu. Ilibaki aliache lingurume mpaka lipate moto, basi. Muda ulikuwepo. Lakini juu, kwa Mzee Anzai, pazia likafunguliwa, na mjukuu wake mchanga akaanza kulia. Sisi tukasimama tumeegemea makoleo yetu. Hakuna aliyesema neno, na kwetu mkiona watu wamenyamaza hivyo, mmeshaambiwa. Karino alitazama dirisha, akatutazama sisi, akainamisha kichwa nyuma ya kioo, akazima.

 Mizuho alikuwa ametoka na sanduku lake, na yeye ameona.

"Baba! Umezima?"

"Tumemwamsha mtoto, mwanangu. Litawaka. Litawaka tu."

Mizuho akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia. Baba yake akazungusha ufunguo, gari likalalama bila kushika. Akarudia. Harufu ya petroli ikatufikia hadi sisi. Akafungua plagi, Yasue akakimbia nazo jikoni kuzikausha juu ya jiko, zikarudishwa, wapi! Tukalisukuma, magurudumu yakazunguka bure kwenye theluji. Betri ikafa, nikaleta ya gari langu la kupelekea nguo. Muda wote huo Mizuho alikaa na soksi zake kwenye kile kiti, akitazama mbele.

Mwishowe Mzee Anzai alivua glavu. "Binti atakosa ndege. Gari langu liko kule mbele, nimwahishe treni."

Mizuho akavaa viatu na kushuka.

"Umemwomba radhi kila mtu leo, baba. Ungewaambia tu wasubiri."

"Walikuwa wanangoja, mwanangu."

"Na mimi?"

Karino alifungua mdomo. Nilishika koleo langu kwa nguvu, nikamwambia kimoyomoyo, sema, mwanaume, sema sasa. Yasue naye alikuwa akimtazama.

"Fanya kazi kwa bidii," akasema. Kisha akainama mbele ya mtoto wake wa kumzaa, kama mtu anayemuaga mteja.

Mizuho akainama pia. Akaufuata mgongo wa Mzee Anzai, na kigari cha mzee kinachonuka vitunguu kikawachukua.

Karino akarudi ndani ya gari na mabuti yake miguuni, theluji na matope. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Akazungusha ufunguo, na likawaka. Moshi mweupe ukatufunika wote.

"Mfuate!" nilipiga kelele. "Utamkuta stesheni, mfuate!"

Akashika gia, akatazama mbele. Katikati ya uchochoro ilikuwa imesimama mashine ya Mzee Anzai, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Mzee Anzai. Tukaikimbilia, wanawake kwa wanaume, tukaisukuma mpaka miguu ikateleza. Haikutikisika. Hakukuwa na njia nyingine.

Kule juu mtoto alilia tena, na safari hii mama yake mwenyewe alifunga dirisha taratibu. Hakuna aliyetaka Karino azime. Alikaa na mikono miwili kwenye usukani, kiti cha pembeni kitupu, akitazama mshale wa joto ukipanda. Ulipofika panapotakiwa, akazima, kama sharti linavyosema.

Akashuka, akatugeukia sisi wote tuliosimama pale tukihema, akainama sana.

"Samahani kwa kelele," akasema.