Kofia Yangu Imebaki Mikumi

Tangu tumzike mke wangu, Mama Esta, kila chakula kilikuwa mdomoni mwangu kama karatasi. Sikuwa mgonjwa. Nilikula ili binti yangu asisumbuke, basi. Jioni moja Esta alinionyesha kwenye simu kijana anayezunguka dunia akila vyakula vya barabarani. Anauma, anafumba macho, anatikisa kichwa.

"Baba, na wewe nenda mahali," akasema. "Huwezi kushinda hapa ukikitazama kikaango cha mama."

Dunia nzima sikuwa na nauli yake. Lakini marehemu, aliyekuwa akichoma vitumbua karibu na stesheni hapa Kilosa, alizoea kusema kwamba anayemfikia ni mmoja tu: Mama Kulwa wa Mikumi, aliyejifunza naye kazi hiyo usichanani. Nikataka kuionja ladha ile tena, hata mara moja. Nikavaa kofia yangu ya kanisani, nikaondoka.

Stendi ya Kilosa, asubuhi, nilianza na mihogo ya kukaanga. Nikainua simu kama yule kijana, nikauma, nikafumba macho. Pilipili ikanikuta bado nimeyafumba. Nilikohoa mpaka kondakta akaniuliza kama nasafiri au napelekwa hospitali.

Tulipofika Ulaya, gari likapata pancha. Msishangae, ni kijiji chetu cha njiani. Hata hivyo naweza kusema kwa haki kwamba nimekula Ulaya. Bibi mmoja alikuwa anachoma mahindi. Kwa kiherehere changu cha utalii nikamwelekezea simu.

"Bibi, naomba kuonja."

Akageuza hindi lake taratibu. "Kwenu hamsalimii?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa, mahindi hayaonjwi. Unanunua, unatafuna, unanyamaza."

Nikanunua, nikatafuna, nikanyamaza. Lilikuwa hindi gumu, na meno yangu si ya umri wa yule kijana wa kwenye simu.

Mikumi tuliingia mchana. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara kuu, na moshi wa mishikaki ulinifuata kila nilikogeuka. Nikapita chipsi, nikapita supu, nikauliza hadi nikafika kwenye turubai la Mama Kulwa.

"Shikamoo, dada. Mimi ni Baba Esta, wa Kilosa."

Aligeuka kunitazama. Nikajiandaa kupewa pole, maana nilishapewa nyingi na jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Kumbe Msagara mwenyewe ndiye wewe," akasema kwa sauti ya kufika kwenye malori. "Umemmaliza rafiki yangu, sasa umekuja kuvimaliza vitumbua vyangu?"

Dereva mmoja aliyekuwa anakunywa chai akashusha kikombe. "Mama, huyu amefiwa."

"Ndiyo maana. Mimi Mnyamwezi, huyu mtani wangu. Wewe kunywa chai."

Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na kwetu mtani ana haki zake msibani. Huwatukana wafiwa, huwanyang'anya vitu, hata hujilaza kaburini, mpaka watu wacheke katikati ya machozi. Siku ya mazishi yetu mvua ilikuwa imekata barabara, na Mama Kulwa hakufika. Wote waliokuja walikuwa wapole. Tulizika kimya kabisa.

"Nililia hapa hapa," akaniambia, sasa kwa sauti ya chini. "Nikasema, Msagara wa watu anazika bila kutaniwa." Kisha akanivua kofia, akaikalia. "Hii nimeikamata. Kaa, choma vitumbua. Hujui? Sasa ulioa mke au ulioa hoteli?"

Akanikabidhi spoku ya baiskeli anayogeuzia. Kitumbua cha kwanza kiling'ang'ania kikaangoni. Kilichofuata kiligeuka nusu. Kingine kiliruka, kikaangukia majivuni.

"Umeona?" akamwambia dereva. "Hata vitumbua vinamkimbia."

Dereva akaangua kicheko. Nami nikahisi kitu kinapanda kifuani, nikadhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Kilio kilifuata baadaye, sitaficha, na Mama Kulwa akaendelea kumimina unga kama mtu asiyeona.

Halafu akanipa alivyochoma yeye. Nikauma, nikajua mara moja kwamba sivyo.

"Iliki imezidi," nikamwambia. "Havijafikia vyake."

"Najua. Alinishinda tangu zamani. Alinisifia tu ili asionekane anajisifu."

Nikala kingine, na kingine, hadi nikashtuka kwamba nilikuwa nasikia njaa.

Kilosa nilirudi jioni, kichwa wazi, na mfuko wa vitumbua mkononi.

"Umeipata ladha ya mama?" Esta akauliza.

"Hapana. Haipo."

"Na kofia?"

"Imekamatwa na mtani."

Akaifungua simu aone nilichorekodi. Kulikuwa na pua yangu, kidole changu, na mbingu ya Ulaya. Kisha picha ikawa giza, maana simu niliitia mfukoni bila kuzima kamera, ikabaki sauti: Mama Kulwa akitukana, na mwanamume akicheka hadi kupaliwa.

Esta akaisogeza sikioni. "Huyu anayecheka ni nani?"

"Ni mimi."

Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Nilikwenda kutafuta ladha, nikarudi na njaa, na kwangu inatosha. Esta akafungua mfuko, akauma, akatafuna polepole.

"Iliki imezidi," akasema, akanisogezea kingine.