Itetemia Iliyosubiri Mtambo wa Kwanta

Dada wa rafiki yangu alinipigia simu Jumapili, kabla ya ibada, kunijulisha kuwa kaka yake hatunaye tena. Marehemu alikuwa mhadhiri wa fizikia na mwenzangu wa chai pale mtaani kwetu Ng'ambo kwa miaka mingi. Wasomaji mnisamehe nikiandika kwa hasira, maana mtu huyu alisalitiwa, na mmoja wa waliomsaliti ni mimi.

Chuo kilimwahidi mtambo wa kwanta, chombo kinachotumia chembe ndogo mno kupima mvuto wa ardhi na kutambua maji yaliyo chini. Mtikisiko mdogo tu huharibu vipimo, hivyo chumba chake kikajengwa Itetemia, pembeni mwa mji, mbali na malori. Tatizo likabaki vinu vya kina mama waliotwanga kila asubuhi. Basi alivaa suti yake ya harusi, akapita nyumba kwa nyumba akiwaamkia kina mama shikamoo, hata aliowazidi umri, akiwaomba waanze kuzoea kutwanga mchana ili asubuhi apate kupima. Walikubali. Kiangazi kizima walitwanga juani, wakingoja mtambo uwaonyeshe pa kuchimba kisima.

Kiangazi hichohicho, mkubwa mmoja wa chuo alininong'oneza kwamba mtambo umepelekwa tawi lao la jiji kubwa, ambako wageni hufika kwa urahisi. Aliniomba nisiseme mpaka barua itoke. Mimi mwandishi niliyetegemea habari zake, nikaogopa kufungiwa mlango wa ofisi yake, nikafyata ulimi. Kwa wiki sita nilikunywa chai na rafiki yangu huku akinieleza vipimo vya kwanza atakavyochukua.

Barua ilipotoka alirudi kwa kina mama wale, nami nikamsindikiza. Mmoja wao aliweka ungo chini.

"Mwalimu, kwani tulipiga kelele?"

"Hapana, mama. Ninyi mlitimiza."

Njiani aliniuliza kama nilikuwa najua. Nikakiri. Hakunitukana, alivuka barabara tu, na chai yetu ikaishia siku hiyo.

Vyuo vyetu vitaendelea kufanya makongamano kuhusu mustakabali wa kwanta, na mitambo itakuja, sina shaka. Lakini utafiti hutegemea pia watu wanaokubali kupanga upya siku zao kwa ajili yake, na hao wanastahili kuambiwa ukweli kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi nilikuwa na neno moja la kusema na wiki sita za kulisema. Leo nimelisema gazetini, kwa kila mtu isipokuwa yeye.