Wimbo Ule Una Miguu?

Kaa hapo kwenye benchi, mwanangu Eliamani, uache kuzungukazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkeo na ujauzito wake yuko ndani anavaa, na mama yako anamfungia mfuko. Kijana wa Same anayepita na gari kukusanya tangawizi nimeshampigia simu. Amesema yuko kwenye kona za chini, anapanda. Hadi afike tuna muda kidogo, nami nina neno na wewe.

Umekuja asubuhi hii na shikamoo yako nzuri, ukaniambia, "Bibi, Joyce miguu imemvimba, kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli. Nimewaandikia wanajumuiya kwenye simu, jioni watakuja tumwombee. Kesho tutaona." Mimi nikakujibu vibaya, tena mbele ya watu. Samahani kwa sauti, ila si kwa maneno. Hiyo "kesho tutaona" naijua ilikotoka na naijua inakokwenda. Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimepata kipaimara, na sauti yangu ilikuwa sauti kweli, si hii ya kukwaruza unayoisikia leo. Kanisani nikianza wimbo, wazee walikuwa wanageuka kutazama ni nani. Najua ni dhambi, lakini nilipenda wageuke. Dada yangu Namsifu, yaani bibi yako mzaa baba, alikuwa ameolewa hapa hapa, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika, ukakaa, ukakaa, mtoto haji. Mkunga wetu, mama mmoja mwenye mikono mikubwa na maneno machache, akatoka nje, akafuta jasho, akasema, "Mimi nimefika mwisho. Mpelekeni misheni."

Pembe ikapigwa. Enzi zile pembe ikilia, mwanamume anaacha jembe shambani anakuja. Wakatengeneza machela kwa miti miwili na blanketi, wakampandisha dada, safari ikaanza. Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya pili, unashuka bonde, unapanda, unashuka tena. Mama yetu alibeba kanga na chungu cha makande. Mimi nilibeba sauti yangu.

Ee, mwanangu, nikifumba macho naiona njia ile. Ukungu wa mlima Shengena ulikuwa haujainuka. Migomba inadondosha maji shingoni. Wanaume wanapokezana miti begani bila kusemeshana, huyu anatoka, huyu anaingia, na machela haitikisiki. Leo mtu akiugua mnamtumia vile vipicha vya viganja vya kuomba kwenye simu. Siku zile viganja vilikuwa vyenyewe, vina magamba ya jembe, vimeshika mti. Nakumbuka, natamani kulia.

Lakini tulikuwa na desturi yetu. Kwetu mgonjwa hapitishwi mbele ya watu kama gunia la mahindi. Tulipofika kanisani, mwinjilisti akatoka, machela ikatuliwa, akaomba. Akamwombea dada, akawaombea wabebaji, akaombea mvua, akaombea na mataifa ya mbali ambayo hata majina yake hakuyajua vizuri. Mimi nikaanza wimbo. Tukanyanyua. Tulipofika kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, wanawake waliokuwa wanafua wakauliza ni nani, wakalia, wakapiga magoti. Machela chini tena. Wimbo tena. Mbele kidogo kulikuwa na nyumba ya mzee mmoja wa ukoo, na huyo ukimpita bila kusimama atanuna mpaka mavuno. Tukasimama. Akatafutiwa kofia yake, akatafutiwa miwani, akaomba.

Usicheke. Au cheka, lakini ujue hakuna hata mmoja pale aliyekuwa mbaya. Wote walimpenda dada. Walimpa kilicho kizuri kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Tukapanda ule mgongo wa mlima ambao ukifika juu unaona bati la hospitali ng'ambo, linang'aa. Watu wakapiga vigelegele. Mmoja akasema, "Jamani, tumshukuru Mungu, tumeiona!" Machela ikatuliwa kwenye nyasi. Wanaume wakavua kofia. Mimi nikachagua wimbo ule mrefu, wenye beti nyingi, kwa sababu mahali pale sauti inakwenda bondeni na kurudi. Nikafumba macho, nikaimba.

Nikasikia gauni langu linavutwa chini. Nikafumbua macho. Dada Namsifu alikuwa ameshika pindo, midomo imekauka mpaka imepasuka, jasho limemlowesha blanketi. Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona usoni mwake kabla wala baada ya hapo.

"Mdogo wangu," akasema, "huo wimbo una miguu?"

Sikuelewa. Nikasema, "Abee, dada?"

"Nakuuliza, una miguu? Kama unayo, utembee. Ninyi mnaomba nifike, halafu mnaniweka chini! Mungu mmemwambia tangu kanisani, amesikia, si kiziwi. Ninyanyueni!"

Lo! Wanaume wazima walitazamana kama watoto waliokamatwa kwenye miwa ya watu. Walishika miti, wakateremka bonde lile mbio, mawe yanaporomoka, mama anakimbia nyuma, makande yanamwagika na hageuki. Nami niliimba, mwanangu. Niliimba nikihema, neno moja hapa, neno jingine kule, hakuna aliyegeuka kunitazama. Ule ndio wimbo pekee maishani mwangu ambao nina hakika ulisikika mbinguni.

Pale hospitali Sista alitupokea mlangoni, akamgusa dada tumbo, akaita kwa sauti. Daktari akaja. Alikuwa mgeni, mrefu, Kiswahili chake kimepindapinda, lakini sote tulimpenda. Tulimjua kuwa mtu wa sala, kwa hiyo nikategemea sala yenye uzito. Aliweka mkono begani kwa dada huku kitanda kinasukumwa, huku Sista anatafuta mshipa, akasema, "Bwana, huyu ni wako, na mikono hii ni yako. Amina." Basi. Mlango ukafungwa. Nikamnong'oneza mama, "Huyu daktari hajui kuomba." Mama akanifinya paja, alama ilikaa wiki nzima.

Wakamfanyia upasuaji. Tulikaa barazani, jua likahama kutoka upande mmoja wa ua kwenda wa pili. Hatimaye Sista akatoka, akamshika mama mikono yote miwili. Dada alikuwa mzima. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, ana nywele nyingi, naye hakulia. Mama akauliza kwa nini. Sista akasema taratibu, "Alichoka, mama. Alichoka muda mfupi tu kabla hamjafika."

Muda mfupi tu. Mimi nilijua muda ule umelala wapi. Umelala kwenye nyasi, kule juu mgongoni.

Jua lilipokuwa linazama, daktari alikuja wodini akiwa amevua koti lake. Akavuta kigoda, akakaa karibu na dada, na hapo ndipo nilipomsikia akiomba. Aliomba mpaka chai yake ikapoa. Alinyamaza, akaanza tena, akalia mbele yetu bila kujificha. Nikaelewa, hata kwa utoto wangu, kwamba asubuhi mikono yake ilikuwa na kazi, na sasa mikono haikuwa na kazi nyingine, basi ilikunjwa. Dada akanigeukia, akaniambia, "Sasa imba ule mrefu." Nikashindwa. Akaanza yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo, amelala chali. Nilimwitikia.

Unaniangalia nini? Ndiyo, baba yako alikuwa na kaka. Kale kakaburi nyuma ya nyumba yenu, kenye mawe, ambako ukienda na jembe huwa nakufokea, "Zunguka!", nawe unadhani bibi ana wazimu wake na mawe, ndiye huyo. Dada hakunilaumu hata siku moja mpaka tunamzika. Alizaa tena, akamzaa baba yako, palepale misheni, na safari hiyo alikwenda mapema kwa miguu yake mwenyewe. Angebaki kwenye nyasi zile kidogo zaidi, benchi hilo leo lingekuwa tupu.

Sasa sikia, mwanangu. Sikwambii uache kuomba. Ninaomba kuliko wewe na simu yako. Ila sikudanganyi pia: najua kinachokushika si imani, ni hofu. Muuguzi wa kliniki alikutajia kisu cha upasuaji, ukaogopa, ukaivalisha hofu yako kanzu ya ibada. Nami naogopa. Hakuna ubaya kuogopa. Ubaya ni kumweka mgonjwa chini tukisema tunamngoja Mungu, wakati Mungu ameshatupa njia, ameshatupa gari, ameshawapa watu maarifa na kuwaweka wanatusubiri. Omba ukiwa umembeba mtu. Ile sala ndefu ina wakati wake. Ni pale mikono itakapokuwa imemaliza.

Umesikia honi? Huyo ni kijana wetu. Amepanga magunia pembeni, nimemwambia aache nafasi ya Joyce alale. Wanajumuiya waandikie kwamba wasije hapa jioni. Wenye nguvu waje hospitali, huenda ikahitajika damu.

Njoo nikuwekee mkono kichwani, lakini huku tunatembea, usisimame. Mungu wa dada yangu Namsifu akutangulie kwenye kona zote za kushuka. Ampe mkeo pumzi, awape madaktari utulivu, na mwanao alie, Eliamani. Alie kwa nguvu mpaka wodi nzima igeuke kumtazama.

Haya, shika mfuko. Mimi naanza wimbo.