Programu Isiyoonyesha Kitu

Bibi yangu wa kijijini Nkoma husimulia hadithi pamba ikishatoka shambani. Mvua za kupandia zikianza, anafunga mdomo hadi mavuno mengine, na mwaka huu alikuwa amezeeka kiasi kwamba sikuthubutu kumwambia "mwakani".

Kurekodiwa alikataa. "Sauti yangu isibaki kwenye simu mimi nikishaondoka." Kuandikwa alikubali, ila hadithi zake ni za gizani, moto ukishafifia. Nilipofungua kompyuta, kioo kikawaka, naye akakatiza hadithi.

"Zima hilo jua lako."

Binamu yangu, fundi wa kompyuta mjini Bariadi, alicheka. "Dada, wewe ni mtu wa riwaya. Shika kalamu."

"Gizani?"

"Basi nunua programu."

Programu za kununua zimetengenezwa na watu wasiomjua bibi yangu. Nikaandika ya kwangu, kwa kukosea na kurudia: ukurasa mweusi, herufi nyeusi, kila ninachobonyeza kihifadhiwe kimyakimya.

"Isiyoonyesha kitu!" binamu akashangilia. "Hiyo hata mimi ninayo. Inaitwa kompyuta mbovu."

Jioni niliyoijaribu, mawingu yalikuwa yameshainama juu ya mashamba. Bibi akasimulia habari za mwanamke aliyeolewa na nyoka wa mtoni, na vidole vyangu vikamfuata hadi mwisho. Tulipoingia ndani, mvua ikashuka.

Asubuhi nikafungua nilichoandika. Takataka tupu. Kinundu cha kitufe cha J, kinachoonyesha kidole mahali pa kukaa bila kutazama, kililika zamani, na gizani mkono wangu wa kulia ulikaa kitufe kimoja kulia zaidi. Kila "nyoka" amekuwa "mupla".

"Si nilikwambia?" binamu akasema kwenye simu. "Mwombe arudie."

"Ameshashika jembe. Harudii."

"Basi imekwenda hiyo."

Haikwenda. Nilikataa iende. Mkono wangu ulikosea, lakini ulikosea kwa nidhamu: ulihama mara moja, ukatulia hukohuko. Nikaandika mistari mingine michache ya programu, nikaiamuru kila herufi ya mkono wa kulia irudi kwa jirani yake wa kushoto. Nikabonyeza. Nyoka akatoka mtoni, maji yakimchuruzika.

Adhuhuri bibi alirudi kutoka shambani, miguu imejaa tope.

"Ng'wana wane, mwanangu, umeikamata?"

"Nimeikamata, bibi."

Mchana hasimulii. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini: "Nyoka aliacha nini mlangoni?"

"Ngozi yake. Na bangili ya mkewe."

"Ya mkono gani?"

"Wa kushoto."

Akaketi, akaanza kukwangua tope miguuni. "Haya. Sasa naweza kuzeeka."

Binamu anataka tuiongezee programu mwanga na rangi, eti watu waipende. Sitaki. Nimeongeza kitu kimoja tu: tone la nta ya nyuki juu ya kitufe cha J, ili mavuno yajayo kidole kijue nyumbani.